Barua ya wazi kwa mabwana nyama wa jimbo letu: tegi mnapandisha, porini hamji

Wakubwa zangu shikamooni, na wale mnaolingana na mimi habari za kazi.

Nyie wa idara ya wanyamapori ya jimbo letu huku Marekani, jimbo sitalitaja, mnajijua. Nikilitaja kesho mtu atasema nimemchafua bosi fulani, na mi sina ugomvi na bosi, nina ugomvi na bei ya tegi, vile vibali vya kumpiga mnyama. Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa. Kwa Kiingereza nimeshawaandikia mara mbili kwenye kile kisanduku cha maoni cha kwenye saiti yenu, kinachokata maneno ukiwa ndo kwanza unaingia kwenye hoja, na mara zote mbili nikajibiwa na kompyuta kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwenu. Sasa safari hii naandika kwa lugha ninayoweza kugombana nayo vizuri, wenzangu waisome kwanza, alafu kijana wangu ameahidi atawatafsiria akimaliza mitihani. Akichelewa msinilaumu mimi, laumuni shule.

Mi ni mtoto wa Tabora, nimekulia upande wa Ugalla, kule ambako mtu anaenda kurina asali wiki mbili anarudi na madumu yake na harufu ya moshi, na kama amerudi na kitu kingine hasemi mpaka giza liingie. Baba mdogo alikuwa na gobore. Kijiji kizima kilijua. Siku walipokuja kumchukua kosa liliandikwa kukutwa na nyara za serikali, na hizo nyara zenyewe ni vipande vya nyama ya kukausha vilivyokuwa ndani ya mfuko wa sukari juu ya dari. Alikaa ndani huyo mzee. Sasa fikirieni mimi nafika huku Marekani, napata kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe, naenda naenda, mwaka wa tatu ndo nagundua kuna kitu kinaitwa msimu wa gobore. Yaani serikali yenyewe inatenga siku, inazichapisha kwenye kijitabu, inakuuzia na kibali, alafu mtu mzima na heshima zake anamimina baruti kwa mbele ya mtutu anashindilia na fimbo vilevile kama baba mdogo, kwa raha zake, mchana kweupe. Nilicheka peke yangu pale dukani mpaka keshia akaniuliza kama niko sawa.

Leseni yangu ya kwanza niliipiga picha nikamtumia baba mdogo wasap. Akaniuliza, wamekupa karatasi kabisa? Nikamwambia wamenipa karatasi. Akakaa kimya kama dakika tano alafu akaandika, bei gani? Wakati ule jibu halikuwa la kuumiza, vyote kwa pamoja nilivilipa kwa hela ya ovataimu ya Jumamosi moja na chenji ikabaki ya boksi la risasi. Mwaka huu hiyo Jumamosi haitoshi. Na mshahara wa kiwandani mnaujua unavyopanda, unapanda kama mgonjwa wa goti anavyopanda ngazi.

Maana sio tegi peke yake, na hapa ndo wengi wasiowinda hawatuelewi, wanafikiri mtu analipia paa mmoja basi. Unanunua kwanza leseni ya kuwinda. Juu ya leseni kuna stempu ya makazi ya wanyama. Ukimaliza hapo ndo unanunua tegi ya dume, kile kikaratasi unachomfunga mnyama ukishampiga kuonyesha huyu ni wa fulani, na tegi ya jike ukitaka ni mbali, tena hiyo unaiomba kwa bahati nasibu na ada ya kuomba hairudi hata ukikosa. Alafu mwisho kabisa ukishaingiza namba za kadi inatokea ada ya huduma ya mtandao, yaani mnatutoza kwa sababu tumekubali kulipa. Nyumbani 2021 serikali ilileta tozo za miamala ya simu, watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka ikabidi wapunguze. Sisi wawindaji hatuna hiyo sauti kwa sababu tumetawanyika, kila mtu yuko juu ya mti wake kimya kimya asimshtue mnyama, na nadhani hilo mmeshalijua.

Sasa kabla hamjanipanga kwenye kundi la walalamishi nataka mjue kwamba nimesoma. Najua bila leseni na ada hawa paa wasingekuwepo. (Namwita paa kwa kukosa jina, kwa Kiingereza ni white-tailed deer, maana swala wetu pembe zake ni za maisha, huyu wa huku kila baridi ikiishia zinadondoka zinaota nyingine, ukikuta moja imelala kwenye majani makavu unaona kama mtu kasahau fimbo yake.) Mwanzoni mwa karne iliyopita wawindaji wa biashara walikuwa wamewamaliza mpaka inakadiriwa walibaki kama laki tano nchi nzima, leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Hiyo kazi mmeifanya nyie na waliowatangulia, na pongezi zenu mnastahili. Ndugu zangu wa nyumbani wananiambia si uuze hiyo nyama urudishe hela ya tegi, maana Tanzania tangu 2020 kuna kanuni za bucha za nyamapori, ukiwa na leseni unauza. Nawaambia huku hata kilo moja ya paa wa porini hauuzi, unakula, unagawa, basi. Na naona ni sawa, kuuza ndo kulikowamaliza.

Nimesoma pia ile sheria ya mwaka 1937, ya Pittman na Robertson. Kwa wasioijua, siku hizi inakata asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, bastola na pinde nazo ziliingizwa miaka ya 1970, na hizo hela zinaenda kwenye wanyamapori. Inalipwa kiwandani kwahiyo kwenye risiti yako huioni, lakini wewe mnunuzi ndo unayeibeba. Na jimbo likitaka hizo hela, sharti lake ni kwamba ada za leseni zisichotwe kwenda kwenye shughuli nyingine nje ya idara. Kwahiyo sisemi mnaiba, hapana. Ninachosema mimi ni kwamba hamjapiga hesabu mpaka mwisho. Maana sehemu kubwa ya hela hizo Washington inazigawa kwa majimbo kwa kuangalia vitu viwili, nusu ni ukubwa wa eneo na nusu ni idadi ya watu waliolipia leseni. Idadi ya vichwa! Na kwa kila dola moja jimbo linayotoa wanaweza kuongezea mpaka tatu. Sasa nyie mnapandisha bei, mzee mmoja anasema basi mi nimechoka, anaacha. Hapo mmepoteza ada yake, na mmepoteza na fungu lake la Washington. Bajeti inapungua. Mnakaa kikao, mnasema bajeti imepungua, tupandishe bei. Mzee wa pili anaacha. Hata muuza genge pale Tabora sokoni hawezi kufanya hivyo, akiona wateja wanapungua anaongeza fungu, anatia na nyanya mbili za juu.

Na wanapungua kweli, hata kwenye hesabu zenu wenyewe za kitaifa, 1991 walikuwa milioni 14 na ushee, 2016 wakawa milioni 11 na nusu. Hesabu ya 2022 ilikuja kubwa lakini namna ya kuhesabu ilibadilishwa kwahiyo tusidanganyane. Kila mkutano mnalia wawindaji wanazeeka, vijana hawataki, vijana wako kwenye simu.

Jamani. Sisi tupo.

Kwenye mji wetu Waswahili tumejaa, Watanzania wachache, Wakongo wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Warundi, na ndani yao kuna wanaume na hata kina mama waliokulia porini, wanaojua kusoma unyayo kuliko vijana wenu wa chuo. Rafiki yangu mmoja wa Fizi, kule Kongo, alinifuata baada ya kula nyama kwangu, akasema kaka na mimi nataka hiyo karatasi. Nikamwambia lazima upite kozi ya usalama kwanza. Kozi kwa Kiingereza. Mtihani kwa Kiingereza. Basi tukachukua chumba cha chini cha kanisa, Jumapili nne, wakaja watu saba, mi natafsiri kijitabu chenu ukurasa kwa ukurasa bila kulipwa hata soda, namna ya kuvuka uzio na bunduki, usielekeze mtutu kwa mtu, vaa kizibao cha rangi ya chungwa, risasi inafika wapi ikikosa. Kulikuwa na ubishi mkubwa kweli kuhusu kizibao. Mzee mmoja akasema sasa mnyama si atatuona? Nikamweleza paa hiyo rangi haioni kama tunavyoiona sisi, anaona kama kijivu hivi, hakuamini mpaka leo, anasema wazungu wametudanganya ili tukose.

Saba wakasoma. Sita wakafaulu. Siku ya kununua nikawafungulia ile saiti kwenye simu yangu, leseni, stempu, tegi, huduma ya mtandao, jumla ikatokea pale chini, na nikaona nyuso zinabadilika. Wana watoto wanne watano nyumbani hawa. Wanalipa nyumba. Mmoja akasema kwa upole tu, kwa hela hii si nanunua mbuzi mzima kwa mkulima, namchinja leo leo, sihitaji kukaa juu ya mti na baridi? Sikuwa na jibu. Kati ya sita wakanunua wawili. Hao wanne wengine ndo wale wawindaji mnaowatafuta kwenye mikutano yenu, walikuwa chumba cha chini cha kanisa, na mmewapoteza kwa sababu ya jumla ile ya chini ya skrini.

Nimemaliza la bei, nakuja kwenye kile tunacholipia.

Novemba iliyopita, asubuhi ya kufungua msimu, niko juu ya ulingo kwenye shamba la mzee jirani yangu, nyuzi tisa chini ya sifuri, chai kwenye thamosi imeshapoa. Kumepambazuka kidogo akaja jike mmoja mkubwa na watoto wake wawili wa mwaka ule, wakapita chini yangu kabisa, ningedondosha glovu ingemwangukia mgongoni. Akasimama. Akainua mguu wa nyuma akajikuna sikio kama mbwa, mvuke unamtoka puani, akatazama juu, hakuniona, akaendelea kula mahindi yaliyobaki shambani. Nyuma yao majike wengine, nilihesabu kumi na moja mpaka saa tatu. Dume hata mmoja hakuonekana. Na mfukoni nina tegi ya dume tu. Ya jike niliomba, majibu yalipotoka kile kiduara kikazunguka kikazunguka, kuja kufunguka nimekosa, mkeka umechanika. Ni mwaka wa pili mfululizo mkeka unachanika, na ada ya kuomba mmekula.

Mlipunguza tegi za majike kwenye kaunti yetu kwa sababu mlisema paa wamepungua. Ni kweli wamepungua, upande wa kusini. Ule mwaka wa ukame ugonjwa wa usubi, ule unaoenezwa na vile vidudu vidogo vya kwenye matope, uliwapiga kule mtoni vibaya sana, mizoga ilikutwa majini na kando ya mabwawa maana homa inawapeleka kwenye maji. Sisi wenyewe tuliwapigia simu. Lakini kaskazini ya barabara kuu, kwenye mahindi na soya, hawakuguswa, wamejaa mpaka wakulima wanatukana. Nyie mkachukua kaunti nzima mkaihesabu kama sufuria moja, mkakoroga, mkapata wastani, mkakata tegi kote. Mtu anayeishi hapa angewaambia. Mzee jirani angewaambia, yeye anajua mpaka jike lipi lilizaa pacha. Hamkumuuliza. Mkutano wa maoni mliuweka Jumanne saa nane mchana, kwenye mji ulio mwendo wa saa mbili kwa gari. Saa nane mchana Jumanne mi niko kwenye laini nakata mabega ya nguruwe.

Na hii nayo niiseme japo mke wangu alinikataza. Mwezi uliofuata anarudi kazini usiku, kwenye barabara hiyo hiyo ya kaskazini, jike akakatiza mbele ya gari. Bampa kwisha, taa kwisha, yeye mzima alhamdulillah. Akaja afisa, kijana mpole sana, akatuuliza mnaitaka nyama? Akatuandikia karatasi. Bure! Hakuna stempu wala ada ya mtandao. Yaani kwa bunduki nilikatazwa, kwa bampa nikaruhusiwa. Nimekaa barabarani na tochi natoa matumbo ya yule jike kwenye baridi ile nikawa nafikiria, hivi kumbe hawa watu wa bima ndo wanaovuna paa wa jimbo hili. Kila mwaka magari Marekani yanakadiriwa kugonga paa zaidi ya milioni moja, na hakuna hata moja lenye tegi.

La mwisho linaloniuma zaidi. Miaka miwili iliyopita nilipiga dume mzuri, pembe nane. Eneo letu liko kwenye zile kaunti za ugonjwa wa kukonda, ule wa ubongo, ndugu yake kichaa cha ng'ombe. Ulianza kuonekana Colorado 1967, Wisconsin ukagundulika 2002, sasa uko zaidi ya majimbo 30. Hauna dawa, hauna chanjo, hata ukichemsha haufi. Mpaka sasa haujathibitika kumpata binadamu lakini wataalamu wenyewe wanasema mnyama akipimwa akakutwa nao usile. Kwahiyo nikafanya kama kijitabu kinavyosema, nikakata kichwa, nikakifunga kwenye mfuko, nikajaza fomu nikaenda kukiacha kwenye lile sanduku lenu la chuma kando ya kituo cha mafuta. Nyama nikaikata usiku kucha na yule rafiki wa Fizi, tukaipanga kwenye friza, nikaandika tarehe kwa kalamu nyeusi, nikaweka karatasi juu, ISIGUSWE.

Wiki ya kwanza hakuna jibu. Ya pili hakuna. Watoto wanafungua friza wanaangalia kama televisheni. Mke wangu anasema hiyo nyama inakaa na pilau langu la Idi kwenye friza moja na sijui ina nini, iondoe. Majibu yalikuja wiki ya sita, kwa imeili, mistari miwili. Anao.

Kilo zaidi ya ishirini na tano nikazifunga kwenye mifuko miwili miwili nikapeleka dampo. Mtu aliyekulia Tabora, ambaye baba yake mdogo alifungwa kwa vipande vya nyama ya kukausha, anatupa paa mzima. Nikawapigia simu nikauliza, je tegi yangu inarudi, maana mnyama wenu alikuwa mgonjwa na mi nimewasaidia kumwondoa porini, na sampuli nimewaletea wenyewe. Dada wa kwenye simu akasema anaelewa sana, lakini tegi ikishatumika imetumika. Nikimtaka mwingine ninunue nyingine. Zilikuwa zimeisha.

Hapo ndo niliposema nitaandika barua.

Sisemi mfanye bure. Naombeni tu mwangalie wenzenu. Missouri mwaka 1976 wananchi walipiga kura wakakubali kila manunuzi yakatwe sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya wanyama na misitu. Ukinunua vitu vya dola 100 unachangia senti kumi na mbili na nusu, hata husikii. Arkansas wakafuata 1996. Minnesota 2008 nao wakapitisha ya kwao, wakachanganya na maji na utamaduni. Kwenye majimbo hayo yule anayepiga picha ndege, anayeendesha baiskeli msituni, anayependa tu kumwona paa kwenye kioo cha jikoni asubuhi, wote wanachangia. Kwetu anachangia nani? Anayewinda, karibu peke yake, alafu ndo huyo huyo anayetukanwa kwenye magazeti kwamba anaua Bambi, yule mtoto wa paa wa kwenye katuni. Na Pennsylvania leseni ya mkazi ilipandishwa 1999 ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kuguswa, najua mtasema wale wana ardhi yao ya wanyamapori wanayouza gesi na mbao zake. Sawa. Nendeni nyie kwa wabunge mkaombe kura ya wananchi kama Missouri, mkikosa mrudi kwetu mkiwa mmejaribu. Kuja moja kwa moja mfukoni mwangu kila mara kwa sababu mfuko wangu uko karibu, hapana, mmetufanya shamba la bibi.

Na wakati mnasubiri kura, kuna vitu havina gharama. Anayeanza mwaka wa kwanza mpunguzieni, mtarudishiwa na Washington kwa kile kichwa kimoja kilichoongezeka. Tegi ya mnyama aliyepimwa akakutwa mgonjwa irudi, hata kama ni ya msimu unaofuata. Kaunti yetu igaweni kwa barabara kuu, kaskazini na kusini, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuchora huo mstari. Mikutano iwekeni Jumapili baada ya ibada. Kijitabu cha kozi kwa Kiswahili ninacho, nimeshakitafsiri chote kwenye madaftari mawili, kina madoa ya chai ila kinasomeka, njooni mkichukue bure. Siwatozi hata huduma ya mtandao.

Mzee jirani ameniambia mwaka huu hawindi. Amewinda tangu ana miaka kumi na mbili, sasa ana sabini na kitu, ananipenda kama mwanae na mi namwita baba. Nilifikiri ni magoti. Akasema magoti yapo, lakini sio magoti, alipiga hesabu na mkewe mezani wakaona wanalipa hela yote hiyo kukaa kwenye shamba lao wenyewe kuangalia majike wasioruhusiwa kuwapiga. Nikamwambia mi nitakulipia. Akakasirika kidogo, akasema sio hivyo mwanangu.

Kwahiyo ulingo wake uko wazi. Uko mita kama mia mbili kutoka wangu, kwenye mwaloni mkubwa karibu na kijito, ngazi ni nzima nimeikagua mwenyewe wiki iliyopita. Namkaribisha mmoja wenu, yeyote yule, mkubwa au mdogo, aje asubuhi ya kufungua msimu akae pale mpaka saa tatu, ahesabu majike kwa macho yake. Nitapitia kumchukua saa kumi alfajiri. Chai nitaleta mimi na maandazi atapika mke wangu. Kizibao aje nacho, na tegi anunue mwenyewe.

Ni mimi, mwindaji wenu,
mtoto wa Ugalla, upande wa kaskazini ya barabara kuu